Kikapu cha Kerubo na Mbwa wa Laini ya Tatu

Mbwa wa kwanza niliyetaka kumpasua katika wilaya ya Kericho alifia mezani, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na ninaliandika jambo hili katika sentensi ya kwanza ili msomaji asije akadhani kwamba nilikuwa nikitafuta mahali pa kulificha. Ninyi vijana mnaobaki idarani mmeniomba niwaandikie niliyoyaona siku za mwanzo. Vyeo vyangu vimo ndani ya faili, na faili hizo, ikiwa panya hawajazitangulia, zitawaeleza. Mimi nitaandika juu ya mbwa mmoja, kikapu kimoja, na watu wawili walionifundisha kazi niliyodhani kwamba nimekwisha kuijua.

Nilifika Kericho katikati ya miaka ya hamsini, nikitoka masomoni. Nilikuwa nimepata stashahada ya utabibu wa mifugo huko Kampala, kisha nikapelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu ya upasuaji wa wanyama wadogo. Kule, katika chumba chenye taa nne na wauguzi wawili, niliwatoa kizazi mbwa majike kumi na mmoja, nisimpoteze hata mmoja. Ninasema kumi na mmoja kwa kuwa nilikuwa nikiwahesabu. Nilirudi na cheti kilichoviringishwa ndani ya mkebe wa bati, nikiamini kwamba nchi ilikuwa ikikingoja cheti hicho. Haikuwa ikikingoja. Ofisi niliyopewa ilikuwa chumba kimoja kando ya josho, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mashamba ya chai, na ndani yake mlikuwa na meza, kabati la dawa, daftari la ng'ombe, daftari la mbuzi na kondoo, na daftari la ngozi. Nilimwuliza skauti wa mifugo aliyenipokea, mzee Arap Rotich, mbwa huandikwa wapi.

"Mbwa haiandikwi, taktari," akasema. "Mbwa inaitwa."

Arap Rotich alikuwa Mkipsigis wa upande wa Bomet, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, na alivaa koti la jeshi lililopoteza vifungo vyote isipokuwa kimoja, ambacho alikifunga kila asubuhi kwa uangalifu mkubwa. Hakujua kusoma. Alikuwa amehasi mafahali kuanzia Londiani hadi Chebunyo kwa koleo la chuma ambalo alilipaka mafuta ya ng'ombe kila Ijumaa na hakumruhusu mtu mwingine kulibeba. Kabla ya kumhasi fahali alisimama kando yake, akaweka vidole viwili upande wa ndani wa paja, palipo na mshipa mkubwa, kisha akatazama milima kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nilipotoa stethoskopu yangu mpya aliitazama kwa heshima.

"Hiyo mpira inakuambia moyo," alisema. "Mkono inakuambia ng'ombe."

Nililiandika neno hilo katika daftari langu chini ya kichwa "Imani za wenyeji". Daftari hilo ninalo hadi leo, na sioni fahari kulifungua penye ukurasa huo.

Mbwa wa kwanza alikuwa wa nyapara wa Laini ya Tatu, Arap Bett. Nyumba za wafanyakazi wa chai zilijengwa kwa mistari, ndiyo maana ziliitwa laini, na nyapara ndiye aliyesimamia watu wa laini yake kazini na nyumbani. Mbwa huyo, jike aliyeitwa Askari, alizaa mara mbili kwa mwaka, na nyapara, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakataza wengine wasijaze watoto wa mbwa katika laini, alikuwa ameanza kuchekwa. Nilimweleza kwamba mbwa asile chochote tangu jioni ya kuamkia siku ya upasuaji. Nilirudia mara mbili, kisha nikaandika kwenye karatasi. Aliniapia kwamba hakumpa kitu, na alisema kweli.

Nilitia etha, dawa ya usingizi, kwenye pamba iliyowekwa ndani ya mkebe wa maziwa uliotobolewa, nikamvutisha. Alilala vizuri. Nilikuwa sijakata hata ngozi alipotapika ugali mwingi uliochanganyika na maziwa lala. Vikarudi vikaingia katika njia ya pumzi. Nilihangaika naye kwa muda wa dakika thelathini na tano. Arap Bett alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Ulisema atalala," alisema.

"Nilisema, mzee."

"Kweli amelala."

Akaondoka. Baada ya muda alirudi, akavua koti lake, akamviringisha Askari ndani yake, akambeba mpaka nyumbani kwa shati tu, na mvua ilikuwa imeanza.

Siku mbili baadaye Arap Rotich aliniletea habari. Mama mzazi wa nyapara, ajuza ambaye laini nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, alikuwa ameamka mapema na kumwekea mbwa kiporo cha ugali, akakimiminia mursik, maziwa lala ya kibuyuni. Alikuwa ameambiwa kwamba mbwa alale njaa. Aliona ni aibu. "Amesema hakuna kitu inatoka mlango yake kwenda kwa kisu na tumbo tupu," Arap Rotich alieleza. "Amesema, hata adui inakunywa maziwa kwanza."

Hapo ningeweza kujisamehe. Wengi wenu mngejisamehe. Mimi nilianza kufikiri. Je, ni chakula pekee, au nilizidisha etha? Je, kichwa cha mbwa kilikuwa juu kuliko kilivyopasa? Niliisoma upya sura ya usingizi wa dawa mara nne, nikachora meza yangu kwa vipimo, nikapima mwinamo wake kwa chupa ya maji. Jibu sikulipata, na sijalipata hadi leo ninapoandika nikiwa mstaafu. Nililolipata ni mtetemeko wa mkono wa kulia, uliokuja kila niliposikia harufu ya etha. Niliamua kwamba mbwa basi. Nilirudi kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe nako nilichunguza sana, nikauliza sana, nikasita sana.

"Taktari," Arap Rotich aliniambia siku moja tukiwa juu ya ndama mgonjwa, "wewe unafikiria mpaka ng'ombe inapona yenyewe."

Huko laini walikuwa wamenipa jina. Waliniita Daktari wa Kulaza.

Kisha kikaja kichaa cha mbwa. Mbwa mgeni alitoka upande wa msitu akifuata jike aliyekuwa kwenye joto, na madume mengine kadhaa yakamfuata huyo huyo jike. Katika kupigania kwao, yule mgeni aliwauma wenzake, akamuuma mtamba mmoja, akamuuma pia mchumaji wa chai aliyejaribu kuwatawanya kwa fimbo. Ubongo wa mbwa yule ulipelekwa maabara, na jibu likarudi kama tulivyohofia. Mchumaji alidungwa sindano za tumboni siku kumi na nne mfululizo. Alipona, nilikwenda kumtazama mara tatu, na mara zote tatu aliniuliza kama mtamba naye alikuwa akidungwa za tumboni.

Meneja wa shamba, Mzungu aliyeongea kwa ufupi na asiyekuwa mtu mkatili, alitoa amri. Madume yatakayochanjwa na kufungwa kamba yangebaki. Majike yote yangepigwa risasi Jumatatu, kwa sababu kila jike mmoja huita madume kumi, na miongoni mwa kumi hukosi kumpata mmoja aliyetoka msituni. Kwa hesabu ya ugonjwa, alisema kweli. Nyapara Arap Bett alipewa kazi ya kuorodhesha majike. Yeye mwenyewe hakuwa na mbwa tena wa kuorodhesha.

Alhamisi alasiri mwanamke alikuja joshoni, ana kikapu cha kuchumia chai mgongoni na mbwa wa rangi ya majivu mkononi, kafungwa kamba ya magome. Alikuwa Kerubo, Mkisii, mjane mwenye watoto wawili, mchumaji wa Laini ya Tatu. Alituamkia, akatua kikapu chini.

"Ni wewe daktari ya kulaza?" aliuliza.

Arap Rotich aliinamia ndoo kana kwamba kulikuwa na kitu kimeanguka humo.

"Ni mimi, mama."

"Basi nimekuletea mbwa. Umtoe kizazi."

"Mama, mbwa wa nyapara alinifia mikononi."

"Najua. Laini yote inajua. Hata kuku inajua."

"Sasa kwa nini unaniletea wako?"

"Kwa sababu Jumatatu anakufa. Kwako labda anakufa, labda hapana. Mimi sijasoma, daktari, lakini hiyo naweza kupima."

Nilimwuliza jina la mbwa. Alitazama barabarani kwanza. "Memsabu," alisema kwa sauti ya chini, maana hivyo ndivyo walivyoitwa wake wa Wazungu. "Hataki ugali ya jana."

Nilimwambia kwamba ningeandika barua kwa meneja kumwomba muda, ili jambo lichunguzwe vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kalamu.

"Barua itafika Jumanne," Arap Rotich alisema, bado ameinamia ndoo.

Kerubo hakujibu habari ya barua. Aliusogeza mguu wake mpaka ukagusa kikapu.

"Hii kikapu unaiona? Mbwa huyu amezaa mara tatu. Nyapara anasema siku tatu, watoto ya mbwa isionekane kwa laini. Hakuna mtu anataka, kila nyumba iko na yao. Basi mara tatu mimi nimeweka watoto yake ndani ya hii kikapu, nimefunika na majani, nimeshuka mto. Kesho yake naweka chai ndani ya hii hii. Sina ingine. Na yeye anakuja kwa shamba, ananusa. Mstari hii ananusa, mstari ile ananusa. Hanibwekei. Ananusa tu." Alimpapasa mbwa kichwani. "Watoto yangu nikiwa kazini ni yeye anakaa nao. Mimi sitaki mbwa azae, sitaki kushuka mto tena, na sitaki apigwe. Kama iko njia ya nne wewe niambie."

Wenzangu, nilikuwa nimeandika insha ya kurasa sitini juu ya faida za kuwatoa kizazi mbwa majike. Ndani yake mlikuwa na uvimbe wa matiti, usaha wa kizazi, kuzurura na kuenea kwa maradhi. Yote yalikuwa sahihi. Mto haukuwamo hata kwa neno moja. Niliweka kalamu chini.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa meneja pamoja na Arap Rotich. Nilieleza kwamba jike aliyetolewa kizazi haiti dume yeyote, na kwamba akichanjwa huwa na hatari ndogo kuliko madume aliyoyaruhusu. Alinisikiliza, akauliza kama ni mimi niliyemuua mbwa wa nyapara. Nilisema ni mimi. Alifikiri kidogo, akasema vema: Jumatatu asubuhi angekuja kumtazama mwenyewe. Akimkuta mbwa anatembea kwa miguu yake, angewapa wengine muda wa kufanyiwa vivyo hivyo. Akimkuta amekufa, au amelala hawezi kuinuka, amri ingebaki ilivyo kwa majike wote wa laini zote. Nilitoka pale nimebeba uhai wa majike wote wa shamba juu ya mkono uliokuwa ukitetemeka.

Niliketi nikaandika masharti saba ya kumzuia mbwa asile. Arap Rotich aliniomba nimsomee. Nikamsomea yote saba.

"Nani atasoma hii?" aliuliza. "Mbwa?"

"Kerubo ataelezwa."

"Kerubo atasikia. Lakini mbwa ya laini inakula kwa kila mlango. Wewe utakataza Kerubo, utakataza Kogo, na mlango ingine yote? Wataona huruma. Usikataze watu, taktari. Kataza mdomo." Akanieleza jinsi kwao ndama anayeachishwa kunyonya anavyovalishwa kitu mdomoni, asiweze kufikia chuchu, na bado apumue na kutembea na mama yake.

Tulimkuta Kerubo nje ya nyumba yake. Alielewa kabla Arap Rotich hajamaliza. Aliingia ndani, akatoka na kisu na kile kikapu cha chai, akaanza kukifumua ukingoni.

"Mama, fito ziko nyingi bondeni," Arap Rotich alisema. "Hiyo ni ya kazi. Jumatatu utachuna na nini?"

"Nitaazima. Nataka hii."

Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza. Arap Rotich alimwonyesha umbo kwa mikono, Kerubo akasuka: kikapu kidogo kama kikombe, chenye matundu ya kupitisha pumzi na kamba mbili za kufunga nyuma ya masikio. Vidole vyake vilikwenda upesi kuliko macho yangu yalivyoweza kufuata.

"Kusuka, Mkisii anajua," Arap Rotich alisema. "Ni kuchunga ng'ombe ndiyo imewashinda."

"Tungechunga vizuri, mzee," Kerubo alijibu bila kuinua kichwa, "kama ninyi usiku mngekuwa mnalala kwenu, si kuja kwa zizi letu."

Arap Rotich alicheka mpaka kifungo chake kimoja kikafunguka.

Memsabu alivalishwa Jumamosi jioni. Jumapili, siku ambayo hakuna chai iliyopimwa, tulitumia banda la kupimia majani, kwa kuwa lilikuwa na meza ndefu na mwanga wa pande tatu. Nilitandika gunia safi, nikachemsha vyombo ndani ya sufuria kubwa ya Kerubo, nikapanga: kisu, koleo sita, sindano mbili, uzi wa utumbo wa kondoo. Nilivipanga upya mara tatu. Watu wa laini walikuwa wamesimama nje ya kamba tuliyofunga kuzunguka banda, na walikuwa wakizungumza kwa sauti ambayo watu hutumia wanapotaka kusikiwa bila kulaumiwa.

"Si ni kumharibu huyo mbwa?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mungu ameweka kizazi, wewe unatoa."

Kerubo ndiye aliyemjibu, amemshika Memsabu kichwa. "Na hii chai si sisi tunakata kila siku? Ukiiacha inakuwa mti. Inatoa maua, inatoa mbegu, na jani ya kuchuna hakuna. Umewahi kusema chai imeharibika?"

"Chai hailii."

"Mimi ninalia," Kerubo alisema. "Nikishuka mto."

Kifiziolojia mfano ule wa chai una kasoro mbili, ambazo niliziandika baadaye na sijawahi kumtajia mtu. Lakini katika miaka yote ya kazi sijasikia hoja iliyofika mahali pake haraka kama hiyo.

Kabla sijaanza, watu walimpisha Kogo. Alikuwa na kibuyu kidogo mkononi. Alimtazama mbwa, akatazama kikapu mdomoni mwake, akagusa fito kwa kidole kutafuta pa kupitishia maziwa. Hapakuwa na pa kupitishia. Nilidhani angekasirika. Alimwambia Arap Rotich jambo kwa Kikipsigis, akaketi juu ya gunia la mbolea, kibuyu mapajani.

"Amesema atangoja," Arap Rotich alinitafsiria. "Amesema kama hapana kabla, basi ni baada."

Nilivua kikapu, nikaweka mkebe wa etha mahali pake, na harufu ilipopanda mkono wangu ukaanza. Arap Rotich aliuona. Aliweka vidole viwili upande wa ndani wa paja la mbwa, akageuza uso, akatazama vilima vya chai. "Kata, taktari," alisema. "Mimi niko na yeye."

Nilikata mstari wa katikati, chini kidogo ya kitovu, urefu wa kidole gumba. Niliingiza kidole, nikalipata pembe la kizazi la upande wa kulia, nikalifuata mpaka kwenye ovari, nikaiinua. Kano inayoishikilia ilikuwa fupi na ngumu, na ilibidi kuinyoosha polepole. Hapo ndipo mwili wa Memsabu ulipojikunja wote. Shingo ilikazika. Alikuwa anatapika. Nilikumbuka dakika zote thelathini na tano. Nilimwinamisha kichwa, kikatoka kidogo kilichokuwa tumboni: mate meupe, yenye povu, yasiyojaza hata kijiko. Hakuna kingine. Kisha akaacha kupumua.

Nilitafuta stethoskopu, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeipanga upande wa pili wa meza. Nilianza kuhesabu kwa sauti, nadhani kwa Kiingereza.

"Iko," Arap Rotich alisema.

"Hapumui, mzee."

"Iko. Inapiga. Ondoa hiyo mkebe, vuta ulimi, bonyeza mbavu. Usikimbie."

Kerubo ndiye aliyevuta ulimi, kwa pindo la leso yake. Mimi nilibonyeza mbavu, nikaachia, nikabonyeza. Kwa muda ule wote Arap Rotich hakugeuka. Aliendelea kutazama vilima, na kila baada ya muda alisema "iko", kwa sauti ya mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Nilipobonyeza mara ya tisa mbwa alivuta pumzi ndefu, iliyokwaruza. Kisha nyingine. Niliyatazama mate yale mezani. Kama tumbo lingekuwa na kiporo cha mlango wowote, tungekuwa tumemaliza.

Ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu ulikuwa umetulia. Sijui ulitulia saa ngapi. Ni jambo pekee la siku ile ambalo sikulipima. Nilifunga mishipa kwa fundo mbili mbili, nikaiondoa ovari ya kulia, nikaiendea ya kushoto, nikakitoa kizazi, nikashona tabaka tatu. Tulimfunga tumbo kwa kitambaa cha gunia la unga, na maandishi ya kiwanda cha unga yakamkalia ubavuni.

Mbwa alipofungua macho, Kogo alisimama na kibuyu chake. Nilimwambia, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwamba maziwa ni kesho. Aliniangalia muda mrefu, akaenda zake na kibuyu kikiwa kimejaa.

Jumatatu nilifika shambani mapema. Umande ulikuwa bado haujakauka na wachumaji walikuwa wameingia mistarini. Meneja alikuja na bunduki kwenye gari, nyapara Arap Bett nyuma yake na orodha. Kerubo alikuwa katikati ya mstari, akichuma kwa kikapu cha kuazima. Mbwa hakuonekana. Meneja alinitazama. Nilitazama miti ya chai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemkataza Kerubo asimruhusu kutoka nyumbani.

Kisha jani likatikisika mwisho wa mstari, akatokea Memsabu, anatembea polepole, mgongo umepinda kidogo, unga wa daraja la kwanza ubavuni. Nyuma yake alikuja Kogo na kibuyu, sasa kitupu. Mbwa alimpita meneja bila kumtazama, akamfikia Kerubo, akakinusa kile kikapu cha kuazima. Akanusa ukingo wote. Kisha akalala chini miguuni pa Kerubo, na Kerubo akaendelea kuchuma, ila nilimwona akijifuta uso kwa mgongo wa mkono.

Meneja aliuliza jina la mbwa. Mstari mzima uliacha kuchuma.

Arap Bett, mtu aliyembeba mbwa wake mfu kutoka kwangu ndani ya koti, alifunua orodha yake, akaitazama kwa makini. "Hana jina, bwana," alisema.

Majike wa laini zote walipewa muda, na muda ule ulirefushwa. Kerubo alisuka vikapu vingine vya mdomo kwa fito za bondeni. Wanawake wa Laini ya Tatu walijipangia zamu ya kumkalia mbwa aliyevalishwa, na Kogo akajitwika kazi ya maziwa ya siku ya pili. Hakukosa hata siku moja. Mbwa waliponiona mimi walikimbia, walipomwona yeye walipona. Si wote waliopona. Wawili walinifia, na wote wawili nimewaandika. Arap Bett alipata mbwa mwingine, jike, na alipomleta alikuwa amemfunga kikapu mwenyewe, kamba zimekazwa kupita kiasi. Nilizilegeza. "Tangu jana saa kumi," alisema, akanipa kamba. Hakuingia ndani, lakini hakuondoka mlangoni pia.

Nilianzisha daftari la mbwa. Katika mstari wa kwanza, penye jina, niliandika herufi M na nukta, kwa sababu mkubwa wangu alikuwa na mke na alizoea kukagua madaftari.

Na Arap Rotich nilifanya kazi miaka mingine mingi. Tulikwenda Fort Ternan kwa reli na Chepalungu kwa miguu, na nilijifunza kuweka vidole viwili pajani na kutazama pembeni. Sababu ya kutazama pembeni nilimwuliza mara moja tu. Alisema macho hupenda kuongea, na vidole haviwezi kusikia kukiwa na kelele. Katika daftari langu nilifuta "Imani za wenyeji" juu ya ukurasa ule, nikaandika "Mbinu". Alipostaafu alinipa koleo lake, limepakwa mafuta. Ni lile lililo katika kabati la kushoto. Mlipake mafuta kila Ijumaa.

Memsabu alikufa kwa uzee, juani, mlangoni pa Kerubo, wakati watoto aliowalinda walipokuwa wamekwisha kuwa wachumaji. Mwaka uliofuata Kerubo aliamua kurudi kwao kulima. Alipita ofisini kuniaga, akaniachia kile kikapu cha mdomo cha kwanza. Nilimwambia ni chake, akiweke kwa ukumbusho. Alisema ukumbusho anao wa kutosha, na kwamba kikapu ni cha kazi.

Ndicho kile kilichoning'inia kwenye msumari juu ya hadubini, ambacho siku ya kuniaga mmoja wenu alidhani ni kiota. Kitumieni, fito zake bado ni imara. Mkikitazama kwa ndani mtaona zimekolea weusi wa maji ya chai, kwa kuwa kabla ya kuwa hivi kilibeba majani kila siku ya kazi, na kilishuka mtoni mara tatu. Mara ya nne hakikushuka.